Lishe na Nafuu ya Wagonjwa wa Figo Baada ya Kuumwa na Nyoka Wenye Sumu: Mtazamo wa Kihistoria Kutoka Bagamoyo na Pwani ya Kaskazini ya Dar es Salaam

Ikisiri

Insha hii inachunguza kihistoria nafasi ya chakula katika uponyaji wa watu ambao figo zao zimeshindwa kufanya kazi baada ya kuumwa na nyoka wenye sumu, ikijikita Bagamoyo na pwani iliyo kaskazini ya Dar es Salaam. Inajenga hoja kwamba historia ya tatizo hili imeandikwa zaidi kama historia ya sumu na seramu, ilhali figo na lishe zimebaki pembezoni. Kwa kufuatilia tiba za pwani mwishoni mwa karne ya 19, maendeleo ya seramu, maarifa ya lishe ya figo yaliyozuka baada ya Vita Kuu ya Pili, na sera za lishe za Tanzania huru, insha inaonesha kwamba mikondo hii minne ilipita sambamba bila kukutana. Mahali pekee inapokutana leo ni jikoni kwa mgonjwa, mikononi mwa jamaa zake.

1.0 Utangulizi

Mtu akiumwa na nyoka, swali la kwanza la jamaa na la mganga huwa moja: je, ataishi? Swali hilo hujibiwa kwa saa au kwa siku chache. Lakini kwa sehemu ya wagonjwa, hasa walioumwa na nyoka ambao sumu yao huharibu damu na nyama, kunusurika usiku wa kwanza si mwisho wa safari. Siku ya pili au ya tatu mkojo hupungua, hubadilika rangi ukawa kama chai ya rangi iliyokolea, kisha huenda ukakatika kabisa. Uso na miguu huvimba, mgonjwa hutapika na kukataa chakula. Hapo swali hubadilika na kuwa jingine ambalo historia ya tiba imelijibu kwa kuchelewa: mtu huyu ale nini, anywe kiasi gani, na kwa muda gani?

Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwezi Juni 2017, na mwaka 2019 likatoa mkakati wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Kwa makadirio ya shirika hilo, watu kati ya 81,000 na 138,000 hufariki kila mwaka duniani kwa sababu hiyo. Neno “ulemavu” katika mkakati huo aghalabu huelezwa kwa mfano wa mguu uliokatwa au jicho lililopofuka. Figo iliyoharibika haionekani kwa macho, na kwa hiyo huhesabiwa kwa nadra. Insha hii inalenga kuirudisha figo katika simulizi, na pamoja nayo sahani ya mgonjwa.

Bagamoyo imeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni mji ambao historia yake ya tiba, ya kienyeji na ya kigeni, imeandikwa mapema kuliko sehemu nyingi za Tanzania Bara. Pili, mazingira yake yanakutanisha watu na nyoka kila siku: mashamba ya minazi na mihogo, mabonde ya Ruvu na Wami, vichaka vya Makurunge, na Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyopata hadhi hiyo mwaka 2005.

2.0 Nyoka wa pwani na namna figo inavyodhurika

Kiswahili kina msamiati mpana wa nyoka, na msamiati huo wenyewe ni ushahidi wa kihistoria. Kamusi za nusu ya kwanza ya karne ya 20 zimehifadhi majina kama kifutu, bafe, moma, fira, swila, koboko, ukukwi na chatu. Padri Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyekusanya sehemu kubwa ya maneno yake alipokuwa Zanzibar na Bagamoyo mwishoni mwa karne ya 19, ni miongoni mwa waliotuachia hazina ya lugha ya pwani katika kamusi yake iliyochapishwa Paris kuanzia mwaka 1939. Majina hayo hayakubaliani mahali pote: jina moja huweza kumtaja nyoka huyu katika kijiji kimoja na yule katika kijiji kingine. Kwa mwanahistoria wa lugha hilo ni jambo la kuvutia. Kwa mtoa tiba ni hatari, maana kila sumu ina njia yake ya kuua.

Fira na koboko hushambulia zaidi mishipa ya fahamu au, kwa swila atemaye mate, ngozi na nyama za mahali palipoumwa. Wanaohusika zaidi na figo ni wawili. Wa kwanza ni kifutu, Bitis arietans, nyoka mnene, mzito, asiyekimbia anapokaribiwa bali hujilaza akitegemea rangi yake impotelee katika majani makavu. Ndiyo sababu hukanyagwa na mkulima arudiye jioni akiwa miguu mitupu au na kandambili. Sumu yake husababisha uvimbe mkubwa. Maji ya damu huvuja kutoka katika mishipa na kujaa mguuni, shinikizo la damu hushuka, na figo hukosa damu ya kutosha. Tena nyama iliyokufa hutoa mioglobini, protini ya misuli ambayo huziba na kuunguza vijirija vya figo.

Wa pili ni nyoka wa mitini, Dispholidus typus, na jamaa yake mwembamba kama kijiti wa jenasi ya Thelotornis. Sumu yao hulazimisha damu kuganda ovyo ndani ya mishipa midogo hadi vigandishi vyote viishe, kisha mgonjwa hutokwa na damu kila mahali. Figo hukumbwa na vyote viwili, kuziba na kuvuja. Dalili huweza kuchelewa kwa siku nzima au zaidi, na hapo mgonjwa amekwisha kuambiwa kwamba amepona.

Wataalamu wa nyoka wenyewe walilipa gharama ya kutojua hayo. Karl P. Schmidt wa Jumba la Makumbusho la Chicago aliumwa na Dispholidus mdogo mwezi Septemba 1957, akaendelea kuandika hali yake kana kwamba anaandika juu ya mtu mwingine. Katika maandishi hayo mna habari za mkojo wenye damu, na hata chakula alichokula asubuhi ya siku aliyofariki. Robert Mertens wa Ujerumani alifariki mwaka 1975 baada ya kuumwa na Thelotornis aliyemfuga nyumbani. Mpaka leo hakuna seramu ya kukabili sumu ya Thelotornis. Kwa mgonjwa wa nyoka huyo, damu ya kuongezewa, figo kutunzwa na mwili kulishwa ndiyo tiba yenyewe.

3.0 Tiba na ulezi Bagamoyo kabla ya mwaka 1919

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mlango mkuu wa misafara ya bara. Wapagazi kwa maelfu walitembea kwa miguu kati ya pwani na maziwa makuu, na wengine walikaa mjini kwa miezi wakingoja mzigo. Mwaka 1868 mapadri wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padri Anton Horner, walianzisha misheni yao hapo, wakajenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani na kupanda minazi na mazao mengine. Wote hao, wapagazi na wakulima wa misheni, walikuwa watu wa kukanyaga majani.

Chanzo muhimu cha kuelewa fikra za tiba za wakati huo ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake ni sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Mtoro anawaeleza waganga, maradhi, uzazi na karamu kwa jicho la mtu wa ndani. Jambo linalojitokeza katika picha anayoichora ni kwamba ugonjwa ulikuwa shughuli ya nyumba nzima. Mganga alikuja na kuondoka, lakini jamaa walibaki. Wao ndio waliokanda, waliosafisha, waliopika, na waliolala mlangoni. Mgawanyo huo wa kazi, dawa kwa mganga na chakula kwa jamaa, ndio urithi mkubwa kuliko wote katika historia tunayoisimulia, kwa sababu hospitali ziliurithi bila kuuhoji.

Tiba za wenyeji wa Afrika Mashariki kwa aliyeumwa na nyoka zilikuwa na vipengele vinavyojulikana: kufunga kamba juu ya jeraha, kuchanja na kunyonya, kupaka au kunywa dawa za mizizi na majani, na baadaye kubandika jiwe jeusi, ambalo wamisionari wenyewe walisaidia kulieneza. Si haki kuzihukumu kwa elimu ya leo bila kukumbuka kwamba tiba za Ulaya za wakati huo nazo zilichanja, zilinyonya na kunywesha mgonjwa pombe. Hata hivyo, kwa upande wa figo, hapana budi kusema wazi kwamba kamba iliyokazwa sana huongeza kufa kwa nyama, na baadhi ya dawa za kunywa zinazomtapisha na kumharisha mgonjwa humkausha maji wakati figo zake zinayahitaji mno.

Hospitali za kikoloni zilianza kwa fedha za mfanyabiashara wa hapo hapo. Sewa Haji Paroo, Mhindi mzaliwa wa Zanzibar aliyetajirika Bagamoyo kwa kuandaa misafara, alifadhili shule na huduma za tiba, na hospitali ya Dar es Salaam iliyopewa jina lake ilihudumia wananchi kwa miongo mingi baada ya kufariki kwake mwaka 1897. Jina lake halijafutika: mgonjwa kutoka Bagamoyo anayepelekwa Muhimbili hulikuta limeandikwa kwenye mojawapo ya majengo ya wodi.

4.0 Seramu: ushindi usiofika kwenye figo

Mwaka 1894 Albert Calmette, aliyekuwa amefanya kazi Saigon, na wakati huo huo Phisalix na Bertrand wa Paris, walitangaza kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu kidogo kidogo huweza kumkinga mwingine. Seramu ya Calmette ilitengenezwa zaidi kwa sumu ya fira wa Asia, naye aliamini kwamba ingefaa kwa nyoka wengi. Vital Brazil wa São Paulo alionesha muda mfupi baadaye kwamba sivyo: kila jamii ya sumu yahitaji seramu yake. Maana yake kwa Bagamoyo ya enzi ya Wajerumani ni rahisi kuitambua. Hata kama chupa ya Calmette ingefika bandarini, isingemsaidia mtu aliyeumwa na kifutu.

Seramu iliyolenga nyoka wa Afrika ilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1920, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Afrika Kusini ilipoanza kuwadunga farasi sumu ya kifutu na ya fira wa Rasi. Kwa miongo iliyofuata seramu hiyo ilipanuliwa hadi kufikia aina kumi za nyoka, wakiwamo koboko na swila wa Msumbiji. Ya Dispholidus hutengenezwa peke yake.

Tanganyika ilishiriki katika historia hii kwa kutoa nyoka. C. J. P. Ionides, aliyejiunga na Idara ya Wanyamapori mwaka 1933 na kuishi Liwale, alikamata maelfu ya nyoka kusini mwa nchi kwa ajili ya bustani za wanyama na maabara za nje. Sumu iliondoka nchini ikiwa katika mifuko na masanduku, kisha seramu ikarudi kwa bei ya kununua na kwa sharti la jokofu. Uhusiano huo haujabadilika sana. Kampuni ya Sanofi ya Ufaransa iliposimamisha utengenezaji wa seramu yake ya Afrika mwaka 2014, na chupa za mwisho zikaisha muda wake mwaka 2016, nchi nyingi za bara hili zilijikuta zikitafuta mbadala kwa haraka. Kando ya pwani hii hii, upande wa Kenya, kituo cha Bio-Ken cha Watamu kilichoanzishwa na James Ashe mwaka 1980 kimeonesha kwamba maarifa ya nyoka na upatikanaji wa seramu vinaweza kukaa karibu na mwanakijiji.

Umuhimu wa seramu haubishaniwi. Lakini ina mpaka ambao simulizi ya ushindi huusahau. Seramu hukamata sumu iliyomo katika damu; haihuishi kijirija cha figo kilichokwisha kufa. Mgonjwa akifika baada ya siku mbili kutoka ng'ambo ya Wami, seramu huweza kuzuia kuvuja kwa damu, na bado figo zikakataa kutoa mkojo. Hapo inaanza historia nyingine kabisa.

5.0 Figo, mafuta ya karanga na mashine

Historia hiyo ilianzia katika vifusi vya London. Mwaka 1941 Bywaters na Beall walieleza jinsi watu waliofukuliwa wakiwa hai chini ya majengo yaliyolipuliwa walivyofariki siku chache baadaye kwa figo kushindwa. Misuli iliyopondwa ilikuwa imemwaga mioglobini katika damu. Kwa figo, mguu uliopondwa na tofali na mguu uliooza kwa sumu ya kifutu havitofautiani sana.

Katika Uholanzi iliyokaliwa na Wajerumani, Willem Kolff alitengeneza mashine ya kusafisha damu na kuitumia kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 1943. Ilikuwa Septemba 1945 alipofanikiwa kumwokoa mwanamke wa miaka 67. Mashine zilikuwa chache mno, na madaktari wengi walitafuta njia ya kumvusha mgonjwa bila mashine mpaka figo zijirekebishe. Ni hapo ambapo chakula kilipata hadhi ya dawa.

Mwaka 1949 Bull, Joekes na Lowe wa Hospitali ya Hammersmith, London, walichapisha utaratibu uliokuja kujulikana sana. Mgonjwa asiyetoa mkojo alipewa, kwa mrija uingiao tumboni, gramu 400 za glukosi na gramu 100 za mafuta ya karanga zilizochanganywa kwa gundi ya mgunga na maji kufikia lita moja kwa siku. Hesabu yake ni takriban kilokalori 2,500, bila protini na bila potasiamu. Fikra ilikuwa hii: mwili usiolishwa hujila wenyewe. Misuli ikivunjwavunjwa hutoa urea na potasiamu, na figo iliyokufa ganzi haiwezi kuvitoa. Mpe nishati, naye atauacha msuli wake.

Mtafiti wa historia ya Tanzania hawezi kupita hapa bila kusimama. Katika miaka hiyo hiyo, kati ya 1947 na 1951, Uingereza ilikuwa ikifyeka maelfu ya ekari Kongwa, Urambo na Nachingwea ili kupata mafuta ya karanga, mradi ulioanguka kwa hasara kubwa. Karanga ya Tanganyika ilitazamwa kama bidhaa ya kuondoa njaa ya mafuta Ulaya. Kwamba mafuta ya karanga yalikuwa pia tiba ya figo katika hospitali ya London ni jambo ambalo mtu wa Bagamoyo aliyeumwa na kifutu mwaka 1949 hakuwa na njia ya kulijua, ingawa karanga zenyewe zilikuwa zikiuzwa sokoni kwake.

Mashine zilipoenea, fikra ya kuinyima protini ilianza kulegea. Vita vya Korea vilionesha kwamba majeruhi wenye nyama iliyokufa huchakaza mwili wao kwa kasi ambayo sukari na mafuta haviwezi kuizuia; walihitaji kusafishwa damu mapema na kulishwa vizuri zaidi. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2012 kuhusu figo kushindwa kwa ghafla unaakisi mabadiliko hayo. Unapendekeza kilokalori 20 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Protini gramu 0.8 hadi 1.0 kwa kilo kwa mgonjwa asiyesafishwa damu na ambaye mwili wake hauchakai kwa kasi. Na gramu 1.0 hadi 1.5 kwa anayesafishwa. Unaonya pia kwamba mgonjwa asinyimwe protini kwa nia tu ya kuahirisha mashine.

Nchini Tanzania hatua mbili zinastahili kutajwa. Hospitali ya KCMC, Moshi, ilionesha kuanzia mwaka 2009 kwamba usafishaji wa damu kupitia utando wa tumbo, usiohitaji mashine kubwa, unaweza kuokoa wagonjwa wa figo za ghafla katika mazingira yetu. Na mwezi Novemba 2017 Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini. Hatua ya pili ilitangazwa sana. Ya kwanza, ambayo ndiyo imgusayo zaidi mtu aliyeumwa na nyoka, ilibaki habari ya wataalamu.

6.0 Lishe katika sera za Tanzania huru

Baada ya Azimio la Arusha lishe ikawa suala la kisiasa kwa maana njema ya neno hilo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakijadili malaria, kichocho, kuhara na maradhi mengine. Mwaka huo huo ilitungwa sheria ya kuunda Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Mpango wa lishe wa Iringa, ulioanza mwaka 1983, ukawa mfano uliosomwa nje ya mipaka ya nchi.

Kampeni hizi zilimlenga mtoto chini ya miaka mitano na mama mjamzito, na zilikuwa na haki ya kufanya hivyo. Lakini ziliimarisha wazo moja kuu: lishe bora ni kuongeza. Ongeza mboga za majani, ongeza maharage, ongeza matunda, ongeza dagaa. Kizazi kizima kilijifunza kwamba mgonjwa aliyedhoofu hupona kwa kulishwa hivyo, na kwa maradhi mengi fundisho hilo ni la kweli. Kwa figo zilizosimama si la kweli. Mboga ile ile, maharage yale yale na ndizi ile ile vina potasiamu, na potasiamu ikizidi katika damu husimamisha moyo bila kutoa taarifa. Hivyo jamaa wa mgonjwa wa figo wa Bagamoyo wanapomletea hospitalini mchicha wa nazi na madafu hawatendi kwa ujinga. Wanatenda kwa elimu waliyopewa, elimu ambayo haikuwa na sura ya figo.

7.0 Sufuria ya pwani na hatua za nafuu

Nafuu ya figo baada ya kuumwa na nyoka hupita hatua mbili zinazopingana, na kila moja ina chakula chake.

Hatua ya kwanza ni ya mkojo kukatika. Maji hupimwa: mgonjwa hunywa kadiri ya anayoyatoa, pamoja na nyongeza ndogo ya jasho na pumzi. Dafu, fahari ya Bagamoyo na kinywaji cha heshima kwa mgonjwa, hapa ni hatari. Maji yake yana potasiamu isiyopungua miligramu 150 katika kila mililita 100, na madafu mawili matatu kwa siku yanaweza kumpita mgonjwa kiasi anachokimudu. Tui zito, ndizi, viazi vitamu na mchuzi wa mboga za majani huangukia fungu hilo. Ng'onda na papa mkavu huongeza chumvi inayovuta maji mwilini.

Muhogo una historia ya pekee, maana ndio chakula cha kutegemewa cha pwani hii. Kilo moja ya muhogo mbichi hutoa takriban kilokalori 1,600 lakini protini ya gramu 14 tu. Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji gramu 48 hadi 60 za protini kwa siku hata kabla ya kusafishwa damu. Kwa hiyo muhogo peke yake humwacha ajile misuli, na potasiamu yake si kidogo. Lakini ukikatwa vipande vidogo, ukachemshwa katika maji mengi na maji hayo yakamwagwa, sehemu kubwa ya potasiamu huondoka nayo. Mafuta ya kupikia na sukari huongeza nishati bila kuitwisha figo mzigo. Ndiyo kanuni ya mwaka 1949, safari hii katika sufuria ya kwetu. Wali mweupe, yai moja lenye protini ya gramu sita hivi, na kipande cha samaki mbichi wa kuchemsha huweza kujenga mlo unaokubalika kwa mgonjwa na kwa mfuko wa familia.

Hatua ya pili huja baada ya wiki moja hadi kadhaa, vijirija vya figo vinapoota upya. Mkojo hurudi kwa wingi, wakati mwingine lita kadhaa kwa siku, lakini figo changa haijui bado kuzuia. Maji, chumvi na potasiamu humwagika pamoja. Hapo lile dafu lililokuwa hatari huweza kuwa la kufaa, na mgonjwa aliyekwisha kuzoea kunyimwa hana budi kuhimizwa anywe na ale. Protini huongezwa, kwa sababu jeraha la mguu bado linadai nyama ya kulijenga. Kikomo cha kila hatua huwekwa kwa vipimo vya damu, si kwa kukisia.

Ugumu wa kweli umo hapa. Shauri la “usinywe madafu” na shauri la “kunywa madafu” yote mawili ni sahihi, kila moja kwa wiki yake. Jamaa wakipewa la kwanza tu siku ya kulazwa, na wasipewe la pili siku ya kuruhusiwa, watamlinda mgonjwa wao kwa uaminifu hadi akauke. Bagamoyo iko takriban kilomita 70 kutoka Muhimbili. Barabara ya lami imefupisha safari, lakini kurudi kliniki kwa mtu mwenye mguu mbovu, kutoka kijiji kilicho ndani, bado ni gharama ya siku nzima. Maneno aliyoondoka nayo wodini ndiyo atakayoishi nayo.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba mikondo minne ya historia, yaani ulezi wa nyumbani, seramu, tiba ya figo na sera ya lishe, imepita Bagamoyo kwa nyakati tofauti na kuacha kila mmoja alama yake, lakini haikuunganishwa. Seramu ilisimuliwa kama mwisho wa hadithi, tiba ya figo ikasimuliwa kama habari ya mashine, lishe ikawa ya watoto, na ulezi ukaachiwa wanawake wa nyumba bila kuandikwa popote.

Matokeo matatu yanafuata. La kwanza ni la kihistoriografia: watafiti wa historia ya tiba pwani hawana budi kuzisoma rekodi za jikoni na za wodi kwa uzito ule ule wanaozisomea rekodi za maabara, kwa kuwa kipindi kirefu zaidi cha ugonjwa hupita jikoni. La pili ni la kitabibu: mgonjwa aliyeumwa na nyoka apimwe mkojo na damu hata baada ya uvimbe kupungua, na apimwe tena figo baada ya miezi mitatu kama mwongozo wa 2012 unavyoelekeza, kwa sababu baadhi hubaki na ugonjwa sugu. La tatu ni la lugha: ushauri wa lishe uandikwe kwa Kiswahili, kwa majina ya vyakula vya pwani na kwa hatua za ugonjwa, ukitaja lini jambo linakatazwa na lini katazo hilo linaondolewa.

Mtoro bin Mwinyi Bakari alitupa picha ya mgonjwa aliyezungukwa na jamaa zake. Zaidi ya karne moja baadaye jamaa hao bado wapo, wamekaa nje ya wodi na vyombo vyao vya chakula. Wamekuwa sehemu ya tiba muda wote huo. Wanachostahili sasa ni kuelezwa kilichomo ndani ya vyombo hivyo.